Harufu ya Kijiti

Wingu lilipoanza kujikusanya, Mama Kijiti alikuwa na kazi moja aliyoitanguliza kabla ya kuanua nguo, kabla hata ya kuingiza makaa yasilowe. Alikwenda chumba cha nyuma, akafunga dirisha, akatoka, akavuta mlango, akashindilia kitambaa kwenye mwanya wa chini. Jirani akimwona alidhani anazuia maji yasiingie. Lakini mvua hunyesha nje, na mlango wenyewe ulikuwa wa ndani, wa ukumbini. Mama Kijiti hakuwa anazuia kitu kisiingie. Alikuwa anamzuia mtu asitoke.

Mtu mwenyewe alikuwa mumewe, na mumewe alikwisha kufa zamani.

Kijiti si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa kituo cha mafuta kilichokuwa pale pale nyuma ya ukuta, kwa sababu ya ile fimbo ndefu ya kupimia tangi aliyotembea nayo asubuhi na jioni kama mchungaji aliyepotelewa na kundi zima. Kazi yake ilikuwa kufunua kifuniko cha chuma kilichokuwa ardhini, kutumbukiza fimbo mpaka kwenye kitako cha tangi, kuivuta juu na kusoma mafuta yameishia kwenye alama gani. Na hakuwa mtu wa kuigusisha fimbo kidogo tu. Aliiachia ishuke na uzito wake wote mpaka igonge chuma kule chini. Asiposikia mlio huo alisema hajapima, amebahatisha. Mkewe akiwa jikoni, maji bado hayajachemka, aliusikia kutoka ng'ambo ya ukuta: ko. Ndipo alipojua mumewe yuko kazini na siku imeanza.

Jioni akirudi, hodi ilikuwa haina kazi, harufu ilishatangulia. Petroli ilikuwa imemwingia kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya shingo. Mkewe alimsugua kwa sabuni ya mche mpaka mikono ikamwuma, akamwambia ipo siku atawasha jiko na atakayewaka kwanza ni yeye. Kijiti alicheka kwa mabega. Alikuwa mcheshi wa namna hiyo, mwili wote unatikisika na sauti haitoki.

Basi, katika miaka ya mwisho ya kituo kile, Kijiti akaanza kusema neno ambalo watu walilifanya mchezo. Alisema tangi linakunywa. Jioni anapima, anafunga, anaondoka. Asubuhi anapima, mafuta yameshuka, na hakuna gari lililojazwa. Akaenda kumweleza tajiri mwenye kituo. Tajiri akamwuliza tangi lina mdomo. Wenzake nao hawakumwacha. Walipokutana naye walimwuliza tangi limeamkaje, limepata chai au bado. Kijiti alicheka nao kwanza, kisha akaacha kucheka, na bado mafuta yalikuwa yanashuka. Mwishowe tajiri akasema mwenye mdomo si tangi, ni mwenye fimbo. Hakumpeleka polisi, hakumfungulia kesi. Alimwondoa kazini mchana kweupe mbele ya wateja, akamwachia jina la mwizi atembee nalo mtaani.

Mkewe hakumwuliza. Hakusema ulichukua, wala hakusema najua hukuchukua. Alimpakulia chakula kama siku zote, akamwekea maji ya kuoga, akanyamaza, akidhani kunyamaza ndiko kumsitiri. Kijiti naye akakaa kwenye chumba cha nyuma akiangalia ukuta wa kituo. Masika yalipoingia akashikwa na kifua, na masika hayakwisha akiwa hai. Si muda mrefu baadaye kituo nacho kikafungwa. Pampu ziling'olewa, mabati ya paa yakauzwa, ikabaki saruji iliyopasuka na majani yakajiotea humo. Tangi hakuna aliyelikumbuka. Kitu kikiwa chini ya ardhi nani atakikumbuka?

Mvua ya kwanza baada ya mazishi ndiyo iliyomleta. Mama Kijiti alikuwa ukumbini anashona pindo, mvua inanyesha kwa utulivu, mara harufu ikampitia puani. Ilikuwa petroli, ile ile, nzito, yenye utamu mchungu kama zamani mumewe alipokuwa anainama kuvua viatu mlangoni. Aliinuka polepole akaifuata mpaka chumba cha nyuma. Ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kitanda, na pembeni ya kitanda sanduku la mbao alimokuwa ametia ovaroli ya kazi ya marehemu na kulifunga. Akakaa kitandani. Akasema, "Umekuja." Na kwa kuwa hakuna aliyemjibu kuwa hakuja, akaamini.

Tangu hapo hakulifungua lile sanduku. Kiangazi chumba kilikuwa chumba tu. Mvua ikija, mwenyewe anakuja. Mama Kijiti alijieleza kwa akili zake kuwa unyevu unaiamsha ovaroli, na ovaroli ikiamka mwenyewe anaivaa, na mtu anayevaa haingiliwi. Alichofanya ni kufunga dirisha, kuweka kitambaa, na kukaa ukumbini na ushonaji wake upande huu wa mlango, kama mke ambaye mumewe amelala ndani. Kichwa kilimwuma kila mara baada ya hapo. Alikihesabu kuwa ni kichwa cha kulia.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo kama binti yake asingerudi nyumbani.

Binti alikuja na kitoto cha kike ambacho hakijaota hata jino, mumewe akiwa amehamishwa kikazi mahali pasipo na nyumba ya kukaa familia. Akapewa chumba cha nyuma, maana ndicho kilichokuwapo. Kiangazi kilipokuwa kinaisha hapakuwa na neno. Mvua ziliposhika, asubuhi moja binti akatoka na mtoto begani, macho mekundu, akasimama mlangoni pa jikoni.

"Mama, kile chumba kinanuka petroli."

"Nani kakwambia ni petroli?"

"Pua yangu."

Mama Kijiti akaendelea kuchambua maharage. "Ni baba yako huyo. Amekuja kumwona mjukuu wake."

Binti akamtazama mama yake kwa muda, akijaribu kuona kama anatania. Alipoona hatanii, akasema, "Basi mwambie asije na nguo za kazini."

Wakacheka wote wawili, lakini siku zilivyokwenda kicheko kikapungua. Mtoto alikuwa anacheua maziwa, analia kilio kisicho na machozi, na ukimtoa nje barazani ananyamaza mwenyewe bila kubembelezwa. Binti alianza kufungua dirisha. Mama akapita nyuma yake akalifunga. Binti akaondoa kitambaa mlangoni, akakuta kimerudi. Hawakugombana kwa sauti. Waligombana kwa dirisha.

Wakati huo huo maji ya visima vya mtaa wa chini yalikuwa yameanza kuwa na ladha mbaya, watu wakalalamika, na ofisi inayohusika ikatuma mpimaji. Alikuwa dada mwembamba mwenye buti ambazo ukiziangalia ulidhani zina uzito kumzidi mwenyewe. Alifuatana na fundi wa kuchimba, mwanamume mnene wa maneno mengi, aliyekuwa anazungusha keekee lake la mkono ardhini huku akilisemesha kama punda mkaidi. Walianza kwenye kile kiwanja cha kituo, wakatoboa hapa na pale, kisha wakapiga hodi kwa Mama Kijiti. Mpimaji alimwamkia vizuri, akamweleza kuwa mafuta yanaweza kuwa yamevuja ardhini zamani na kutembea, na wangependa kutoboa uani kwake kama hatojali.

Uani hakujali. Uani hakukuwa na mtu.

Akawa anawatazama kutoka kizingiti cha jikoni. Keekee lilipanda na udongo mwekundu kwanza, ule ule wa kupandia mboga. Chini yake ukaja wa kijivu. Fundi alikuwa katikati ya kisa cha mama mkwe wake aliyekataa kupanda ngazi, mara udongo ukatoka mweusi wenye kung'aa, na fundi akakiacha kisa chake njiani. Harufu ikasambaa ua mzima. Mama Kijiti akashika fremu ya mlango. Mchana wote ule wa jua kali, na harufu ya mumewe ilikuwa imesimama uani, wageni wameizunguka.

Mpimaji alitia bonge la ule udongo kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akaufinyafinya kwa vidole, akauacha kwenye jua upate joto. Kisha akachomeka mdomo wa kimashine alichokivaa shingoni, kikaanza kulia kwa mfululizo, tarakimu zake zinapanda.

"Unaunusa udongo, mwanangu?" Mama Kijiti akauliza.

"Nanusa pumzi yake, mama. Mafuta yaliyomo yanapumua. Yanatafuta pa kutokea."

Fundi akatia bomba jembamba kwenye lile shimo, akaliacha limesimama na kofia yake, akasema hicho sasa ni kisima cha kuchungulia. Mpimaji akaomba kuona ndani ya nyumba. Binti hakungoja mama ajibu; alishachukua mkono wa yule dada kumpeleka chumba cha nyuma.

Hapo ndipo Mama Kijiti alipoanza kuogopa. Aliona walivyokitazama chumba. Binti alitazama kitanda, fundi alitazama sakafu na kugongagonga kwa kisigino, na mpimaji alitazama ufa uliopita sakafuni kutoka ukutani mpaka chini ya kitanda. Fundi alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kazi tu, kwamba ikithibitika itabidi sakafu ivunjwe. Mama Kijiti akasikia neno vunjwa, mengine hayakumfikia. Kama chumba kitavunjwa, huyo anayekuja na mvua atafikia wapi? Binti angerudi kwa mumewe siku moja, na mtoto wake. Yeye angebaki na ukumbi na ushonaji, na mvua itakayokuwa mvua tu.

Lakini mpimaji alisema kwanza lazima wapime hewa. Alileta mtungi wa chuma wa ukubwa wa tikiti, akauweka juu ya stuli katikati ya chumba. Ungevuta hewa kidogo kidogo mpaka kesho yake. Sharti lake lilikuwa moja: chumba kifungwe, na kisiwe na kitu chochote chenye mafuta, iwe rangi, taa au nguo, maana mtungi hauchagui, unameza kila unachokuta.

"Na hilo sanduku lina nini, mama?"

"Nguo za marehemu."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

Mama Kijiti akasita. "Alikuwa kituoni."

Basi sanduku likatolewa, binti upande mmoja na fundi upande wa pili, likawekwa ukumbini. Wageni wakaaga. Binti akaondoka na mtoto kwenda kulala kwa jirani mpaka kesho yake. Nyumba ikawa kimya. Mama Kijiti akakaa mbele ya sanduku kama mtu anayekaa na mgonjwa, na wazo likamjia lote zima. Akalisukuma sanduku kwa makalio, hatua kwa hatua, mpaka ndani ya chumba, akaliweka karibu na ule mtungi. Akageuza uso ukutani, asimwone mtu anavaa, akainua kifuniko kwa mkono wa nyuma na kukiacha wazi. Asubuhi, kabla hawajafika, alilirudisha ukumbini na jasho akalifuta.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wakikuta petroli hewani, atawaambia ni ovaroli tu. Watachukua lawama waitie kwenye nguo, wataondoka, sakafu itabaki na mwenyewe atabaki.

Majibu yalichukua muda. Katikati ya muda huo wale watu waliendelea kule kituoni, wakafukua na mashine kubwa, na siku moja mtaa mzima ukatoka kutazama tangi likinyanyuliwa kwa minyororo, limejaa kutu, linadondosha matope. Mama Kijiti hakutoka. Mvua zilikuwa zimekaza. Mtoto alikuwa amehamishiwa ukumbini kwa amri ya binti, lakini hata ukumbini sasa harufu ilipenya, kitambaa au bila kitambaa, na mtoto alikuwa amepungua mashavu.

Mpimaji alirudi siku ya mvua, koti linachuruzika. Aliketi ukingoni mwa kiti asilowanishe mto, akasema hewa ya chumba kile ni mbaya. Si mbaya ya kunung'unikia. Ni mbaya ya kuhama. Mtoto asilale humo hata lepe, na sakafu itobolewe ili mvuke upate njia nyingine.

Binti akafumba macho. Mama Kijiti akasema, "Hapana. Nilikosea mimi. Ile siku nilirudisha sanduku ndani, nikaliacha wazi. Mlichopima ni ovaroli ya mume wangu."

Binti akamgeukia mama yake na mdomo wazi, lakini yule dada hakukasirika. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza kwa adabu, "Naweza kuiona, mama?"

Wakaingia wote watatu chumbani, sanduku lilikokuwa limesharudishwa pembeni ya kitanda. Mvua ilikuwa inapiga bati, na harufu ilikuwa imejaa mpaka macho yanawasha. Mama Kijiti mwenyewe ndiye aliyefungua sanduku, safari hii akiangalia. Ovaroli ilikuwa imelala kama alivyoikunja, kola juu. Mpimaji hakuitia mashine. Aliichukua kwa mikono miwili, akaiweka usoni, kisha akamkabidhi mwenyewe.

"Nusa, mama."

Mama Kijiti akaitia uso. Akavuta pumzi. Akaigeuza, akatafuta kwapani, akatafuta kwenye mifuko, kwenye mikono iliyokuwa inashika ile fimbo. Palikuwa na harufu ya mbao za sanduku, na vumbi, na mbali sana sabuni. Hapakuwa na petroli. Hapakuwa na mtu. Miaka yote alikuwa amelinda sanduku lenye kitambaa kitupu.

"Petroli haikai kwenye nguo," mpimaji akasema polepole. "Iliondoka kabla hata hujaosha vyombo vya msiba."

"Sasa hii ni nini?" Mama Kijiti akauliza, maana harufu ilikuwa imemzunguka hata alipokuwa anauliza.

Mpimaji akapiga magoti, akasogeza kitanda, akaweka mdomo wa mashine kwenye ule ufa wa sakafu. Mashine ikalia mpaka mtoto akaamka ukumbini. Akaizima. Akaeleza akiwa bado amepiga magoti. Mvua ikinyesha udongo wa nje unalowa na kujifunga, kama kifuniko. Mvuke uliozoea kutokea uani unakosa njia, unatambaa chini kwa chini kutafuta palipo pakavu. Na pakavu, mvua ikinyesha, ni chini ya nyumba tu. "Ndiyo maana unakuja na mvua," akasema.

Mama Kijiti akaketi kitandani na ovaroli mapajani. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kuwa barua zote alizopokea aliandikiwa jirani. Binti akaja akakaa ubavuni mwake, na hakumlaumu, jambo lililokuwa gumu zaidi kulistahimili.

Mvua ilipopumua, mama akaomba aonyeshwe. Wakatoka uani. Mpimaji akafungua kile kisima cha kuchungulia, akateremsha bomba angavu lililofungwa kamba, akalipandisha limejaa. Chini maji, safi unaweza kudhani ya kunywa. Juu yake yamekaa mafuta ya rangi ya chai ya rangi, yametulia, hayachanganyiki na chochote.

"Yametoka kwenye tangi?"

"Ndiyo, mama. Tulipolitoa tulilikuta na tundu."

"Lilianza kuvuja lini? Kituo kikiwa kimefungwa, au kabla?"

"Kabla. Kwa mafuta haya, kabla kwa muda mrefu. Mtu wa kupima angeona yanashuka."

"Aliona," Mama Kijiti akasema. "Alisema tangi linakunywa."

Mpimaji akatikisa kichwa. "Lilikuwa linamwaga. Uliokunywa ni udongo."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati. Kisha yule dada, ambaye hakujua anaongea na nani zaidi ya mjane wa mtu wa kituoni, akaongeza neno alilodhani ni la ufundi tu. Alisema tundu lenyewe halikuwa la kutu ya kawaida. Lilikuwa moja, la mviringo, chini kabisa ya mdomo wa kupimia. Walitakiwa kuweka bamba nene pale, fimbo iwe inagonga bamba. Hawakuweka. Kwa hiyo fimbo ikawa inagonga tangi lenyewe, mahali pale pale, kila ikishuka, mpaka chuma kikachoka.

Mama Kijiti akausikia ule mlio wa asubuhi, maji bado hayajachemka. Aliusikia wazi kiasi kwamba aligeuka kutazama ukuta. Alikuwa haibi. Alikuwa anapima kwa uaminifu wake wote, na kwa uaminifu huo huo alikuwa anatoboa, na kila alivyoona mafuta yanapungua ndivyo alivyozidi kupima, na kugonga, apate uhakika.

"Kwa hiyo ni yeye," akasema.

"Nani, mama?"

"Anayekuja na mvua. Hamkukosea ninyi, wala mimi sikukosea sana. Ni mkono wake."

Binti akamshika bega. Ndani mtoto akaanza kile kilio chake kisicho na machozi. Mama Kijiti akasikiliza kwa muda, akitazama yale mafuta yaliyotulia juu ya maji. Kisha akamwambia mpimaji amwite fundi wake, sakafu ivunjwe.

Fundi alikuja na vijana wake na kelele zake. Walitoboa, wakachomeka bomba jeupe chini ya sakafu, wakalipitisha ukutani mpaka juu ya paa, wakaweka kifeni kidogo cha kunyonya, na nyufa zote wakaziba. Fundi akamwambia Mama Kijiti kuwa sasa nyumba yake ina pua. Akamjibu kuwa hiyo yake mwenyewe ingetosha kama ingekuwa inasikilizwa, wakacheka. Ovaroli aliifua, akaikata vitambaa vya kufutia vumbi. Binti alitaka kumzuia, akamwacha.

Mvua zilirudi baada ya kiangazi. Wingu lilipojikusanya, miguu ya Mama Kijiti ilimpeleka yenyewe chumba cha nyuma, kitambaa mkononi. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mashavu yamerudi, ngumi mbili juu ya kichwa. Bibi yake akasimama akanusa. Maziwa. Nguo zilizoanikwa juani. Mvua ikaanza kupiga bati, ikakolea, na chumba kikabaki na maziwa na nguo za jua. Akangoja. Akangoja zaidi, kama mtu anayengoja mlango ambao anajua haugongwi. Kisha akatoka kwa mlango wa uani, akasimama chini ya ukingo wa paa, pale bomba jeupe linapopanda.

Hapo ilikuwapo. Hafifu, imechanganyika na maji, inashuka na upepo na kuondoka. Alifunga macho.

"Nimeambiwa habari ya tundu," akasema. "Hukuchukua. Nilipaswa kukwambia ukiwa unasikia kwa masikio." Maji yakamchuruzika shingoni, hakusogea. "Lakini ndani usiingie tena, baba. Kuna mtoto. Ukija, ishia hapa hapa."

Dirisha la chumba cha nyuma likafunguliwa, binti akatoa kichwa. "Mama, unaongea na nani huko mvuani?"

"Na baba yako. Namwambia asiingie na nguo za kazini."

Binti hakucheka safari hii. Alimtazama mama yake aliyelowa, akalitazama lile bomba mpaka juu. "Kasemaje?"

Mama Kijiti akainua kidole, wanyamaze wote wawili. Mvua ilikuwa inapiga kila mahali, saruji, bati, majani. Tone moja kubwa likadondoka kutoka kwenye paa, likaliangukia bomba, na sauti yake ikateremka ndani kwa ndani mpaka chini ya nyumba.

Ko.